Sura ya Saba: Mchoro Unaosafiri Peke Yake

Viwandani ni mtaa wa Nairobi uliobanwa kati ya viwanda vya Industrial Area na Mto Ngong. Nyumba zake nyingi ni za mabati, na wengi wa wakazi wake walihamia hapo ili kazi ya kiwandani iwe umbali wa kutembea kwa miguu. Korogocho iko kaskazini, ng'ambo ya Mto Nairobi kutoka jaa la taka la Dandora. Mtu akiombwa abashiri ni upi kati ya mitaa hii miwili una hewa chafu zaidi, ni rahisi ataje Viwandani, kwa kuwa bomba la moshi la kiwanda huonekana kutoka mbali.

Watafiti wa APHRC, kituo cha utafiti wa idadi ya watu na afya kilichoko Nairobi, na wenzao hawakubashiri, walipima. Walichopima ni chembe za PM2.5, yaani vumbi na masizi yenye kipenyo kisichozidi mikromita 2.5, madogo kiasi cha kupenya hadi ndani kabisa ya mapafu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2016. Wastani wa Viwandani ulikuwa mikrogramu 67 katika kila mita ya ujazo ya hewa. Wa Korogocho ulikuwa 166, karibu mara mbili na nusu. Wakati wa vipimo hivyo Shirika la Afya Duniani lilishauri wastani wa saa 24 usizidi mikrogramu 25, na mwaka 2021 likateremsha kikomo hicho hadi 15.

Chora matokeo haya. Utapata nguzo mbili, moja fupi na moja ndefu, na mwanafunzi wa shule ya msingi ataelewa mara moja ipi ni ya wapi. Nguvu ya mchoro iko hapo, na hatari yake iko hapo hapo. Mchoro unaoeleweka upesi hupigwa picha upesi. Hutumwa kwenye kikundi cha WhatsApp cha wazazi wa shule, hubandikwa ukutani kwenye zahanati, huonyeshwa barazani kwa chifu, na kila unapopita huiacha ripoti nyuma. Kurasa za maelezo ya jinsi vipimo vilivyochukuliwa hazifiki kule mchoro unakofika. Anayeupokea ana nguzo mbili tu na swali lisilo na wa kulijibu: tofauti hii ni ya kweli, au siku za kupima zilitokea tu kuwa mbaya upande mmoja?

Kuna njia ya kumjibu. Matokeo ya jaribio la kitakwimu yanaweza kuandikwa juu ya mchoro wenyewe, na kompyuta inaweza kuyaandika kutoka kwenye data ile ile iliyochora nguzo, ili data ikibadilika maandishi nayo yabadilike. Jambo hili linaonekana kuwa la mafundi wa kompyuta pekee. Mimi naliona kuwa sehemu ya heshima tunayowiwa watu tunaowapima.

Upande wa jiji unaopimwa daima

Eastlands ni upande mzima wa mashariki wa Nairobi: Pumwani na Kaloleni zilizojengwa enzi za ukoloni, Jericho na Makadara, Buruburu, Umoja, Kayole, Dandora, Kariobangi, Huruma. Katika sensa ya mwaka 2019 Nairobi ilihesabiwa kuwa na watu 4,397,073. Kaunti ndogo za Embakasi na Njiru peke yake zilikuwa na 1,615,290, zaidi ya theluthi moja ya jiji, na hapo hatujahesabu Makadara, Kamukunji wala Mathare.

Watu hawa huulizwa maswali mara nyingi. Kuanzia mwaka 2002 APHRC ilifuatilia kwa miaka mingi kaya za Korogocho na Viwandani, ikirudi mlango kwa mlango kuandika nani amezaliwa, nani amefariki, nani amehama na nani amehamia. Katika mitaa ya mabanda ya Mukuru, kaunti ilipoitangaza kuwa eneo la mipango maalumu mwezi Agosti 2017, wakazi wenyewe walishiriki kukusanya taarifa za kaya, wakiwa pamoja na vuguvugu lao la Muungano wa Wanavijiji. Na mwaka 2007, Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lenye makao yake Gigiri lilitoa ripoti kuhusu jaa la Dandora. Watoto 328 wa kati ya miaka 2 na 18 walichunguzwa. Nusu yao walikutwa na madini ya risasi kwenye damu kwa mikrogramu 10 au zaidi kwa kila desilita, kiwango kilichotambuliwa wakati huo kuwa ni cha sumu.

Mama anayefungua mlango saa moja asubuhi kabla ya kwenda kibaruani, akajibu maswali kwa nusu saa huku mtoto akilia, ametoa kitu cha thamani. Mzazi aliyekubali mwanawe achomwe sindano ametoa zaidi. Wanachorudishiwa, wakirudishiwa, aghalabu ni mchoro. Kwa hiyo mchoro huo unapaswa kubeba ukweli wote unaoweza kubebwa na karatasi moja, ukiwemo ukweli kuhusu kiasi cha shaka kilichobaki.

Jaribio linasema nini hasa

Mwaka 1908 mtaalamu wa kiwanda cha bia cha Guinness mjini Dublin, William Sealy Gosset, alichapisha makala kwa jina la kujificha la Student. Kazi yake ilimtaka aamue mambo kwa vipimo vichache sana, kwa kuwa shayiri na majaribio ya shambani ni ghali. Aliuliza hivi: ukiwa na vipimo vichache tu, wastani wako unaweza kuyumba kiasi gani kwa bahati tupu? Jibu lake ndilo chimbuko la jaribio la t, ambalo hadi leo hutumiwa kulinganisha wastani wa makundi mawili. Mwaka 1925 Ronald Fisher alichapisha kitabu kilichoeneza matumizi ya thamani ya p, na pia mazoea ya kutazama mpaka wa 0.05, yaani moja kati ya ishirini.

Thamani ya p hueleweka vibaya hata na waliosoma, kwa hiyo twende polepole. Tuseme kwamba, kwa kweli, hewa ya Korogocho na ya Viwandani haina tofauti yoyote kwa wastani. Hata hivyo ukipima siku kadhaa hapa na siku kadhaa pale, huwezi kupata wastani unaolingana sawasawa, kwa sababu siku moja upepo hugeuka na siku nyingine mvua hulaza vumbi. Thamani ya p inajibu swali hili: kama mitaa ingekuwa sawa, ni mara ngapi tungepata tofauti kubwa kama tuliyoiona, au kubwa zaidi, kwa bahati ya kupima tu? Ikiwa ni mara chache mno, dhana kwamba mitaa ni sawa inakuwa ngumu kuitetea.

Haisemi zaidi ya hapo. Haisemi tofauti ni kubwa kiasi gani, wala haisemi ina madhara gani kwa afya. Wala haisemi uwezekano wa dhana yako kuwa kweli ni asilimia ngapi. Mwaka 2016 Chama cha Takwimu cha Marekani kilitoa tamko rasmi kuyarudia mambo hayo, baada ya miaka mingi ya watafiti kuigeuza 0.05 kuwa lango la kupita au kukataliwa.

Ndiyo maana kuandika p peke yake juu ya mchoro hakutoshi. Kinachomsaidia msomaji zaidi ni ukubwa wa tofauti pamoja na mipaka yake ya uhakika (kiasi cha chini na cha juu ambamo thamani halisi yaweza kuwamo), na idadi ya vipimo. Chukua wale watoto 328. Nusu ya 328, kwa hesabu ya kawaida ya sampuli, inakuja na mipaka ya uhakika ya asilimia 95 inayoanzia karibu asilimia 45 hadi 55. Kama wangechunguzwa watoto 20 tu na nusu yao wakakutwa hivyo hivyo, mipaka ingetanuka kutoka asilimia 28 hadi 72. Nguzo ingekuwa na urefu ule ule katika michoro yote miwili. Jicho lisingeona tofauti yoyote, ilhali mchoro mmoja unajua mengi na mwingine unajua machache. Andiko fupi chini ya kichwa cha mchoro, lenye idadi na mipaka, ndilo linaloitenganisha michoro hiyo.

Mipaka hiyo nayo ina kikomo chake. Inapima kuyumba kunakotokana na bahati ya kuchagua watoto hawa badala ya wale. Haipimi namna walivyopatikana. Watoto walioletwa kwa sababu tayari wanaumwa wangeipandisha nusu hiyo, na hakuna hesabu ya p ambayo ingeligundua jambo hilo. Kwa hiyo andiko zuri hutaja pia waliopimwa ni nani: watoto wanaoishi au kusoma karibu na jaa, si watoto wa Nairobi yote.

Namba iliyoandikwa kwa mkono

Hebu tufuate kazi inavyofanyika katika ofisi nyingi. Mchambuzi anaendesha jaribio, matokeo yanajitokeza kwenye skrini, anayasoma, kisha anafungua mchoro kwenye programu nyingine na kuchapa kwa vidole vyake: p = 0.03. Wiki inayofuata msimamizi wa data anagundua kuwa kihisi kimoja kiliingia maji, na vipimo vya siku mbili vinaondolewa. Halafu zinafika hojaji zilizokuwa zimechelewa kutoka Kayole. Mchoro unachorwa upya kwa data mpya. Nguzo zinasogea. Lile andiko la 0.03 linabaki pale pale, likieleza data ambayo haipo tena. Hakuna aliyedanganya, na hakuna atakayegundua.

Ukubwa wa tatizo la namba zilizochapwa kwa mkono umepimwa. Mwaka 2016 Michèle Nuijten na wenzake wa Uholanzi walichapisha uchunguzi wa maelfu ya makala za saikolojia zilizotoka kati ya mwaka 1985 na 2013. Walitumia programu inayosoma matokeo ya majaribio yaliyoandikwa ndani ya makala na kuikokotoa p upya kutokana na namba nyingine zilizo kando yake. Katika nusu ya makala zenye majaribio hayo kulikuwa na angalau p moja isiyolingana na hesabu yake yenyewe. Katika makala moja kati ya nane, kosa lilikuwa kubwa kiasi cha kuweza kugeuza hitimisho. Na hizo ni makala zilizopitiwa na wahariri na wataalamu kabla ya kuchapishwa. Mchoro uliotengenezwa usiku wa kuamkia baraza haupitiwi na mtu.

Dawa yake ni kuondoa vidole katikati ya hesabu na andiko. Duka la Buruburu lenye mashine ya malipo halimwachi mhudumu aandike jumla kwa kalamu. Mashine iliyosoma bei ndiyo inayojumlisha na ndiyo inayochapa risiti, na bidhaa moja ikirudishwa, jumla hubadilika yenyewe. Mchoro wa utafiti unastahili angalau uangalifu wa risiti ya unga.

Katika lugha ya R, iliyoanzishwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman katika Chuo Kikuu cha Auckland na kutolewa kama toleo kamili la kwanza mwaka 2000, wazo zima huingia katika mistari minne. Tuseme faili linaitwa vipimo, safu ya kwanza ni mtaa, na safu ya pili ni vumbi:

jibu <- t.test(vumbi ~ mtaa, data = vipimo)
maneno <- sprintf("p = %.3f", jibu$p.value)
boxplot(vumbi ~ mtaa, data = vipimo)
mtext(maneno)

Mstari wa kwanza unaendesha jaribio na kuyahifadhi matokeo yote chini ya jina moja. Mstari wa pili unachomoa thamani ya p kutoka humo na kuitia ndani ya sentensi. Wa tatu unachora, safari hii visanduku badala ya nguzo. Wa nne unaiandika ile sentensi juu ya mchoro. Hakuna mahali popote ambapo mtu amechapa namba. Ukiondoa siku mbili za kihisi kibovu na kuiendesha mistari hii tena, jaribio, mchoro na andiko vitabadilika kwa pamoja.

Ndani ya lile jibu hamna p peke yake. Mna wastani wa kila kundi, mna mipaka ya uhakika ya tofauti, mna jina la jaribio lililotumika. Vyote vinaweza kuchomolewa kwa njia ile ile. Wanaotumia ggplot2, maktaba ya michoro ya Hadley Wickham iliyotoka mwaka 2007, wana nyongeza kama ggpubr na ggstatsplot zinazofanya hivyo kwa amri moja, na wanaotumia Python wana statannotations. Wazo la kuunganisha maandishi na hesabu lina historia pia: mwaka 2002 Friedrich Leisch alitoa Sweave, mfumo uliowezesha ripoti nzima kuandikwa pamoja na amri zake, ili namba zilizo ndani ya aya zizaliwe upya kila ripoti inapotengenezwa. Zana hizi zote hazilipiwi. Kijana mwenye kompyuta ya mitumba na bando la siku anaweza kuzipata leo.

Andiko linalobadilika lina masharti yake

Kompyuta ikishaandika yenyewe, itaandika hata upuuzi kwa mwandiko mzuri. Kwa hiyo masharti kadhaa lazima yawekwe mapema.

La kwanza ni namna namba inavyoandikwa. Ule mstari wetu wa pili huikadiria p hadi tarakimu tatu za desimali. Tofauti ikiwa kubwa sana, utaandika p = 0.000, na hilo si kweli, kwa kuwa p ya jaribio hili haifiki sifuri kamwe. Inabidi kuongeza sharti: ikiwa chini ya 0.001, iandike p < 0.001. Vilevile tarakimu zisizidi uwezo wa kifaa. Kihisi cha bei nafuu hakijui tofauti kati ya mikrogramu 66.83 na 67, na mchoro usijifanye kuijua.

La pili ni jaribio lenyewe. Vipimo vya vumbi na moshi huwa na mkia mrefu: siku nyingi za kawaida, kisha siku chache mbaya mno, kama pale taka zinapoungua. Wastani huvutwa na siku hizo chache. Wakati mwingine ni afadhali kutumia jaribio la Wilcoxon, lililochapishwa mwaka 1945, linalotazama mpangilio wa vipimo badala ya ukubwa wake, au kuvibadilisha vipimo kuwa logariti kwanza. Lolote litakaloamuliwa, jina lake lionekane kwenye andiko. Tena mchoro na jaribio viseme habari moja. Ule mchoro wa visanduku tulioutumia huonyesha kipimo cha katikati, ilhali jaribio la t hulinganisha wastani, kwa hiyo ni vizuri kuweka alama ya wastani ndani ya kila kisanduku.

La tatu ndilo linalosahauliwa zaidi. Kihisi kinachorekodi kila dakika hutoa vipimo 1,440 kwa siku. Mtu akiviingiza vyote kwenye jaribio la t, p itakuwa ndogo ajabu, naye atafurahi bure. Hewa ya saa mbili na dakika tano ni karibu ile ile ya saa mbili na dakika nne. Vipimo hivyo havijitegemei, na jaribio la kawaida linadai vijitegemee. Uaminifu unataka vipunguzwe kwanza, kwa mfano kuwa wastani mmoja kwa kila siku, au zitumike mbinu zinazozingatia ukaribu huo. Ndivyo ilivyo kwa watoto wa nyumba moja: wanavuta hewa moja na kunywa maji ya mtungi mmoja. Andiko likisema vipimo ni 1,440, msomaji ataamini kuna ushahidi mwingi. Likisema siku ni 1, ataujua ukweli.

La nne linahusu kulinganisha mitaa mingi. Weka Dandora, Korogocho, Kariobangi, Kayole, Umoja na Buruburu kwenye mchoro mmoja, ukilinganisha kila mtaa na kila mwenziwe. Utapata majaribio 15. Hata kama mitaa yote sita ingekuwa na hewa ile ile, na kila jaribio likajitegemea, uwezekano wa angalau moja kuvuka mpaka wa 0.05 kwa bahati tu ni karibu asilimia 54. Yaani kwa hesabu hiyo una nafasi zaidi ya nusu ya kupata mtaa wa kulaumu. Njia rahisi ya kujikinga ni kuugawanya mpaka kwa idadi ya majaribio, 0.05 kwa 15, ambayo ni karibu 0.003. Programu zinaweza kufanya marekebisho hayo zenyewe, mradi ziambiwe, na andiko litaje kwamba yamefanyika.

La tano linahusu michoro inayojisasisha saa kwa saa. Mradi wa sensors.AFRICA wa Code for Africa umeweka vihisi vya bei nafuu Nairobi, na takwimu zake hupitia intaneti. Inavutia kutengeneza ukurasa ambao mchoro wake hujichora upya kila siku pamoja na p mpya. Lakini kila kuchungulia ni jaribio jingine. Mwaka 1969 Peter Armitage na wenzake walionyesha kwamba ukichungulia data mara tano huku ikiongezeka, na kila mara ukitumia mpaka wa 0.05, uwezekano wa kupiga kengele ya uongo hupanda kutoka asilimia 5 hadi karibu 14. Ukichungulia mara kumi, hufika karibu 19. Mtu anayesubiri siku p itakaposhuka chini ya 0.05 ili apige picha ya skrini na kuisambaza, anakusanya bahati. Kwenye mchoro wa namna hiyo, onyesha tofauti na mipaka yake, na uache hukumu ya jaribio hadi tarehe iliyotangazwa kabla ya vipimo kuanza.

Liko pia sharti la usiri. Andiko linalojijaza lenyewe litajaza hata pale ambapo kundi lina watu wawili. Mchoro wa vijiji vya ndani ya Korogocho unaosema kuwa kwenye kijiji fulani wagonjwa ni 2 unaweza kuwatambulisha watu hao kwa majirani wote. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Basi amri iwekwe ndani ya programu yenyewe: idadi ikiwa ndogo kuliko kiwango fulani, namba isiandikwe na makundi yaunganishwe.

Andiko kwa lugha ya aliyepimwa

Hata baada ya masharti yote, andiko lenye herufi t, alama za nyota na desimali bado limeandikiwa watafiti. Nyota tatu zinazowekwa juu ya nguzo kuashiria p ndogo sana, ambazo wataalamu huziona kuwa fupi na safi, kwa mkazi wa Huruma hazina maana yoyote. Kompyuta inayoweza kuandika p = 0.004 inaweza pia kuandika sentensi kamili ya Kiswahili, kwa amri ile ile inayotia namba ndani ya maneno. Sentensi yenyewe iwe na umbo hili:

"Katika siku [idadi] tulizopima, hewa ya Korogocho ilikuwa na wastani wa mikrogramu [tofauti] zaidi ya ile ya Viwandani. Tofauti halisi yaweza kuwa ndogo hadi [mpaka wa chini] au kubwa hadi [mpaka wa juu]. Kama mitaa ingekuwa sawa, tofauti ya kiasi hiki au zaidi ingetokea kwa bahati mara [p kwa elfu] kati ya mara 1,000."

Kila kilicho ndani ya mabano ya mraba hujazwa na mashine kutoka kwenye data. Maneno mengine huandikwa na mtu, na lazima yaandikwe kwa hadhari, kwa sababu namba zikibadilika maneno yaweza kuwa uongo. Kesho tofauti ikigeuka na Viwandani ikawa juu, neno "zaidi" litakuwa limepotosha. Kwa hiyo programu ichague neno pia: ikiwa tofauti ni chanya iandike "zaidi ya", ikiwa hasi iandike "pungufu ya", na ikiwa mipaka ya uhakika inapita sifuri iseme wazi kwamba vipimo hivi havitoshi kuonyesha tofauti. Sentensi hii ya mwisho ni muhimu kuliko zote. Kutoonekana kwa tofauti si uthibitisho kwamba haipo, na mtaa wenye vipimo vichache usiambiwe kuwa hewa yake ni salama.

Mahali pa kuliweka andiko pia pana maana. Likiwekwa kwenye kipimo maalumu ndani ya mchoro, siku nguzo itakaporefuka litafunikwa au litakatwa. Likiwekwa chini ya kichwa cha mchoro, litabaki mahali pake data ikipanda au ikishuka, na picha ikipunguzwa kwenye simu halitakatwa kwa urahisi kama maelezo ya chini. Pembeni yake iongezwe tarehe ambayo data ilisomwa mara ya mwisho, nayo pia iandikwe na mashine. Mchoro ukizunguka mitandaoni miaka mitatu baadaye, mpokeaji ataona kuwa ni wa zamani.

Hatua ya mwisho inawahusu wenye data. Ibara ya 35 ya Katiba ya mwaka 2010 inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 ikaeleza namna ya kuitekeleza. Mashirika ya utafiti nayo yanaweza kutoa mafaili yaliyoondolewa majina, pamoja na ile mistari ya amri iliyozalisha mchoro. Hayo yakifanyika, kijana wa Kayole anayesomea takwimu anaweza kuiendesha hesabu ile ile na kupata andiko lile lile. Au atapata jingine, na atakuwa na sababu ya kusimama barazani na kuuliza kwa nini. Watu wa Eastlands wamepimwa damu, hewa, maji na kodi za nyumba kwa miaka mingi. Wanastahili michoro wanayoweza kuikagua wenyewe, na kazi ya kuwezesha hilo ni yetu sisi tunaochora.